Kulinywesha Jiwe

Nilisomea uashi chuoni kwa miezi sita, nikiwa tayari mama wa watoto watatu, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kulinywesha jiwe. Jiwe letu la Goma limetoka kwenye volkano, lina matundu kama mkate. Ukilipaka simenti likiwa kavu, linafyonza maji yote na simenti inabaki unga. Kwa hiyo unalipiga brashi, unalimwagia maji, ndipo unajenga. Si uchawi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukuta wa ua huko Keshero. Waashi wanne wanaume walishika upande mmoja, mimi peke yangu upande wa pili. Wao walijifunza kwa kutazama wenzao, na sikuwadharau kwa hilo. Mikono yao ilikuwa myepesi kuliko yangu. Lakini niliposhika brashi na bido, dumu langu la maji, walicheka mpaka wakaweka miiko chini.

"Mama, uko unajenga ao uko unafula nguo?" aliniuliza kapita, msimamizi wetu.

Jioni alipima kazi kwa hatua zake. Kila mwanamume alikuwa amenizidi mara mbili.

"Njo maana sipendi batu ba masomo," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Banachelewesha kazi. Kama haufikie benzako mpaka Jumamosi, utarudia nyumbani."

Niliendelea kulowesha.

Ijumaa mwenye nyumba, baba mmoja mfanyabiashara wa Rutshuru, alikuja kutazama. Aliegemea ukuta upande wa wanaume. Jiwe la juu likamfuata mkononi, na la chini yake pia, simenti ikamwagika kama unga wa muhogo. Akaja upande wangu, akasukuma kwa bega, akasukuma tena. Kisha akaamuru ule mwingine wote uvunjwe.

Walivunja siku mbili, wakajenga upya siku nne, mimi nikiwaonyesha namna ya kulowesha. Walipomaliza, kipande changu kilikuwa kimekwisha zamani. Basi naomba mtu anieleze: nani aliyechelewesha kazi? Kapita hakuniomba radhi.

Baada ya hapo tulihamia Katoyi, kwenye msingi mpya. Sasa kapita alikuwa anahubiri kulowesha mawe utadhani amefunuliwa yeye ndotoni. Aligawa kazi pembe kwa pembe, mpaka akanifikia.

"Mama, weye utatuletea maji. Unajua mawe inakunywa mingi."

Asante ya punda ni mateke, nalijua hilo tangu utotoni, lakini sikutegemea kupigwa teke nikiwa na mwiko mkononi. Maneno ya kumjibu yalinijaa kinywani, makali, yaliyopangika vizuri. Nikawakumbuka watoto. Nikauweka mwiko chini, nikaenda kuchota.

Siku mbili nzima niliwabebea maji, nao wakajenga vizuri, haraka, jinsi nilivyowafundisha. Siku ya tatu sikwenda. Kapita nilishamkasirikia nikachoka. Ninayemkasirikia mpaka leo ni mimi, kwa zile siku mbili.