Nusu Dakika ya Ushahidi

Kwenye kituo cha utangazaji walimwita Mzee Chenga, kama zile chenga za skrini isiyonasa kitu, kwa kuwa alilipwa kutazama televisheni na hakuna aliyeamini kuwa hiyo nayo ni kazi. Alishinda peke yake katika chumba kisicho na dirisha, mbele ya skrini sita, akivizia stesheni za nchi jirani zilizonasa matangazo ya kituo na kuyarusha kama yao. Simu aliiacha mlangoni, maana kurekodi kwa simu kulikatazwa. Mtambo ulihifadhi nusu dakika moja tu ya ushahidi kwa kila stesheni. Mpya ikiingia, ya zamani inafutika. Kanuni hizo alizitunga mwenyewe, enzi za ukali wake.

Wezi wa skrini ya nne hawakuwa na haya. Kila Jumatano saa nne asubuhi walirusha kipindi cha ushonaji cha miaka ishirini nyuma, bila hata kukata jina la kituo mwanzoni. Mtangazaji wake alikuwa mke wa Chenga, sasa marehemu. Kituo chenyewe kilishazifuta kanda zake kikarekodia mpira.

Kwa miaka tisa Chenga aliripoti wizi huo kwa uaminifu, akijua fika kwamba nchi jirani haijaridhia mkataba wa kulinda matangazo. Kisha ikaridhia.

"Hongera, mzee wangu!" alisema mwanasheria wa kituo, binti mchangamfu. "Safari hii tumewabana. Nipe nusu dakika na saini yako, tuwazime."

"Na kipindi?"

"Kipindi ni mali yetu."

"Tunacho?"

"We mzee nawe! Haki tunayo. Kanda ndiyo hatuna."

Jumatano hiyo alirekodi pale uzi ulipokatika na mkewe akacheka: "Haya jamani, tuanze upya." Mwanasheria akairudisha.

"Jina la kituo liko wapi, mzee? Hapa kuna mama anacheka tu."

Wiki iliyofuata Chenga alikaa na kidole juu ya kitufe. Akabonyeza. Ikaingia cherehani, muziki na jina la kituo, kicheko kikafutika. Akatia saini. Miaka tisa ya uaminifu ni mazoea mabaya.

Jumatano iliyofuata, saa nne, skrini ya nne ilikuwa chenga tupu. Kwenye fomu, penye "Hali ya wizi", aliandika: Umekoma. Kisha, kwa kuwa kipindi kilikuwa cha nusu saa, alikaa akitazama hadi saa nne na nusu.