Wiki Tuliyotafuta Maana ya Mazurek

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Peckham, London, simu ya nyumba ilikuwa moja, ilitundikwa ukutani, na ilikuwa ya Mama. Kupiga simu kwetu Bukavu ulihitaji kadi ya kukwangua, kisha ubonyeze tarakimu ndefu kama treni ya mizigo. Ukikosea moja unaanza upya, na Mama amesimama nyuma yako anahema. Neno usilolijua hukulitafuta kwenye simu. Ulimuuliza mtu, naye alikudanganya kwa moyo mweupe kabisa. Nikimsimulia haya binti yangu Zawadi, hunitazama kwa huruma, utadhani ninamweleza jinsi tulivyoishi pangoni.

Tulikuwa watatu nyumbani: Mama, mimi Furaha, na mdogo wangu Rehema. Mama alisafisha maofisi mjini. Kifaransa alikijua, Kiswahili cha Bukavu ndicho alichoombea na kuotea ndoto, lakini Kiingereza kilimkataa. Kwa hiyo barua zote zilipitia kwangu. Nikiwa na miaka kumi nilikuwa mkalimani wa nyumba: nilizungumza na daktari, na mwalimu, na mtu wa gesi. Tatizo la mkalimani wa miaka kumi ni kwamba hakubali hata siku moja kusema "hili silijui". Ningepoteza cheo.

Jumamosi ngazi zote zilinuka sombe, yaani kisamvu, na mawese. Tulikaa sakafuni katikati ya magoti ya Mama tukisukwa, kaseti ya kwaya ikiimba, sisi tukilia kwa sauti ya pili. Ukichezesha kichwa, chanuo lilikukumbusha adabu. Na kila kosa lilikuwa na hukumu moja: "Tuko mu inchi ya batu!" yaani tuko nchi ya watu, si kwetu. Ukicheka sana kwenye basi, tuko mu inchi ya batu. Ukiacha wali kwenye sahani, tuko mu inchi ya batu. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaanza kujiuliza hao batu wenyewe walikuwa nani.

Mchezo wetu ulikuwa nzango. Aliyecheza anajua, na asiyecheza nampa pole. Wasichana wawili wanatazamana, wanapiga makofi, wanaimba, wanaruka, kisha kila mmoja anatoa mguu mmoja mbele kwa ghafla. Mshindi anategemea miguu ipi imekutana. Hauhitaji mpira, wala betri, wala intaneti. Unahitaji sakafu tu, na sakafu yetu ilikuwa ya mbao.

Bahati mbaya, sakafu yetu ilikuwa dari ya mtu.

Mtu huyo alihamia majira ya baridi, miaka ile Wapolandi walipoanza kujaa London. Alikuja na binti yake Kasia, ambaye aliwekwa darasani kwetu. Jina la mama mtu lilikuwa na herufi zilizogombana zenyewe kwa zenyewe, hivyo sisi tulimwita Mama Kasia, likaisha. Tukiruka nzango, alichukua ufagio akagonga dari kwa mpini: go, go, go! Tulinyamaza dakika mbili, tukasahau, tukaruka tena. Go, go, go!

Halafu ikaja barua kutoka ofisi ya nyumba, wenye jengo. Niliisoma mara tatu, nikamweleza Mama nimesimama: jirani amelalamika juu ya kelele, na zikiendelea watalitazama upya suala la sisi kukaa pale. Nyumba ile tuliipata baada ya kulala miaka mingi, sisi watatu, kwenye chumba kimoja kwa Tantine Georgette, shangazi yetu wa kanisani. Mama aliikunja barua, akaitia ndani ya Biblia, mahali alipoweka mambo makubwa. Kuanzia siku hiyo nzango ilipigwa marufuku. Tulitembea na soksi, tukakohoa ndani ya mito. Rehema, aliyekuwa na miaka sita, alijisahau kila siku, nami nilimrukia kumzuia, na kishindo cha kumzuia kilikuwa kikubwa kuliko cha kuruka kwake.

Wiki moja kabla ya Pasaka tukakutana na Mama Kasia kwenye ngazi. Mama alimsalimia kama alivyomsalimia kila kiumbe wa jengo lile, pamoja na mleta barua: "Habari, mama?"

Mama Kasia alisimama. Akavuta pumzi kama anayekwenda kuruka mtaro. Akasema, "Sunday. Mazurek. I come up." Akaelekeza kidole juu, kwetu, akatabasamu kidogo, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mama alinishika mkono. "Umesikia? Nimemuuliza habari, anajibu muzuri! Anajifunza Kiswahili!"

"Hakusema muzuri, Mama. Amesema mazurek. Anakuja Jumapili."

"Kufanya nini?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema sijui. "Nitakuambia kesho," nikasema, kama daktari anayesubiri vipimo.

Kesho yake uwanjani nikamtafuta Kasia. Kiingereza chake kilikuwa bado cha kuazima, na mimi sikutaka ajue kwamba sikumwelewa mama yake. Basi nikauliza juu juu tu: mazurek ni nini? Kasia akatazama huku na huku, akanionyesha chini ya benchi. Shomoro alikuwa akidonoa vipande vya krispi. "This," akasema. "Mazurek. Small one."

Nilirudi nyumbani mzito. "Mama, anatuletea shomoro."

Mama aliacha kukatakata kitunguu. "Shomoro mumoja? Anatosha nani?" Akafikiri kidogo. "Ni wa kukula ao wa kufuga?"

Sikuwa nimeuliza. Cheo changu kilikuwa kinayumba, hivyo siku iliyofuata nilikwenda maktaba ya shule, nikafungua ile kamusi kubwa nyekundu ambayo ilibidi uibebe kwa mikono miwili. Mazurek hakuwemo. Lakini alikuwemo ndugu yake, mazurka, na maelezo yake yalikuwa wazi: ngoma ya Kipolandi, ya kuchangamka. Nikafurahi kama niliyegundua dhahabu. Kitabu hakiwezi kushindwa na Kasia. Nikamwambia Mama: huyu mwanamke anakuja Jumapili kutuchezea ngoma.

Mama alikaa. "Mutu anagonga dari kila siku juu ya makelele, leo anakuya kucheza mu nyumba yangu?"

Kesi ikapelekwa kwa Tantine Georgette. Tantine aliwahi kuishi Brussels miaka miwili, kwa hiyo mambo yote ya Ulaya yaliamuliwa naye. Alifumba macho, akasema ndiyo, mazurka ni ngoma, alishaiona huko. Akaongeza kwamba Waingereza wakitaka kumaliza ugomvi hunywa chai, Wabelgiji hula viazi, na Wapolandi bila shaka hucheza. Hakuna aliyethubutu kumpinga.

Mama akalichukua jambo lile kwa uzito wake wote. Aliona nyumba yetu imening'inia kwenye miguu ya Mama Kasia. Jumamosi usiku haukuingia kabla kochi halijasukumwa hadi dirishani na zulia halijakunjwa. Sombe ikapikwa, sambaza, vile visamaki vya ziwa la kwetu, wakakaangwa, mandazi yakajaa beseni. Wanawake wanne wa kwaya wakaalikwa ili mcheza ngoma asikose watazamaji. Tantine akaja na bidoni, dumu tupu la mafuta, ndiyo ngoma yenyewe. Mama akatupanga mstari mmoja, akatupa onyo: "Akicheza mubaya, tunamushangilia. Akicheza muzuri, tunamushangilia. Mutu akicheka, nyumba imeenda."

Jumapili, baada ya kanisa, mlango ukagongwa. Mama Kasia alikuwa amesimama amevaa gauni la buluu, Kasia nyuma yake, na mikononi alishika sinia pana lililofunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa. Sasa, kwetu mwanamke akija na sinia lililofunikwa, huja akicheza. Wale wa kwaya hawakusubiri. Vigelegele vikapasuka! Bidoni ikalia! Mama Kasia akarudi hatua moja nyuma, uso mwekundu kama pilipili, lakini mkono wa mwanakwaya ulikuwa umeshamkamata na kumvuta hadi katikati ya duara. Tukapiga makofi, tukamtazama miguu.

Miguu haikusogea.

Tukaongeza makofi. Bado. Tantine, mwenye huruma ya asili, akaona mwanamke wa watu ameona haya, anahitaji kuonyeshwa njia. Akamkabidhi mwenzake bidoni, akamnyang'anya Mama Kasia sinia, akaliweka juu ya kilemba chake, akaanza kuzunguka akitikisa mabega. Sijawahi kuona macho ya binadamu yakifuata kitu kama macho ya Mama Kasia yalivyofuata sinia lile. Alinyoosha mikono yote miwili chini yake, akizunguka nalo, huku na huku, na sisi tukashangilia tukidhani ndiyo ngoma imeanza.

Kitambaa kikateleza kikaanguka. Tantine akashusha sinia. Juu yake kulikuwa na keki bapa, nyembamba, imepakwa karameli ya dhahabu, na juu yake lozi zimepangwa moja moja kwa umbo la maua. Kazi ya siku mbili, mtu yeyote angeona. Bidoni ikanyamaza.

"Kumbe njo mukate!" alisema Tantine, yaani kumbe ndio mkate.

Mama alinigeukia. Kwaya yote ilinigeukia. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, ila nikakumbuka ningeangukia sebuleni kwa Mama Kasia. Na kwa mara ya kwanza nikaona si hasira usoni kwa Mama, ni hofu. Mwanamke wa watu alikuja na keki ya amani, sisi tumemtia katikati ya duara kama mtuhumiwa. Nikaanza kulia. Nikamwambia Kasia yote kwa Kiingereza cha kwikwi: wewe ulisema ndege, kitabu kikasema ngoma, na mimi sikutaka kusema sijui.

Kasia akamtafsiria mama yake. Alitafsiri kwa muda mrefu. Akaonyesha dirishani kwa habari ya shomoro, akaonyesha bidoni, akanionyesha mimi. Mama Kasia alisikiliza mkono ukiwa kifuani. Kisha bega moja likaanza kutikisika, na la pili, na tukagundua kwamba anacheka hadi machozi. Akahesabu kwa vidole mbele ya Mama: keki, mazurek. Ndege, mazurek. Akapiga kisigino sakafuni. Ngoma, mazurek!

Akaiweka keki mezani, mbali na Tantine. Akamshika Mama mikono miwili. Moja, mbili, TATU! Moja, mbili, TATU! Alikuwa mwanamke mwenye mifupa yake, na visigino vya viatu vya Pasaka, na kila TATU vikombe viliruka kabatini. Tantine alijaribu kumfuata kwa bidoni, lakini yeye alihesabu nne na mwenzake tatu, wakawa wanakutana wanapokutana. Mama akaruka. Mama huyu wa tuko mu inchi ya batu, akavua viatu akaruka! Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu tufike London. Mimi na Rehema tukaangaliana, tukaona marufuku imekufa yenyewe, tukapiga nzango pale pembeni mpaka miguu ikauma. Kishindo cha siku ile hakikuwa na mfano, na chini hakukuwa na mtu wa kutugongea, kwa sababu alikuwa juu anacheza.

Jumanne iliyofuata, Kasia aliniambia, mama yake alikwenda ofisi ya nyumba kuwaeleza kwamba kelele zimekwisha. Uongo mtupu, kelele ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Mama akaitoa barua kwenye Biblia akaichana. Toka hapo tuliporuka nzango ufagio ulijibu kama kawaida, lakini sasa uligonga moja, mbili, TATU, nasi tukaruka kwa kuufuata. Ukimuuliza Mama habari, alijibu, "Mazurek."

Jengo lile limeshabomolewa. Mama Kasia alirudi kwao, na Mama magoti hayamruhusu tena hata ngazi tatu. Kila Pasaka wanapigiana simu ya video. Mpaka leo hawana lugha ya pamoja. Mmoja anasema "Mazurek!", mwingine anasema "Muzuri!", wanacheka, wanafuta machozi, wanakata.

Mimi naishi ghorofa nyingine, hapa hapa Peckham. Juu yangu kuna familia yenye watoto, na mwezi uliopita watoto waliruka jioni nzima. Zawadi akatoa vidude vyake masikioni akasema, "Mum, just report them, kuna app." Mimi nikachukua ufagio. Niligonga dari: moja, mbili, TATU. Nikangoja. Juu wakanyamaza kimya. Asubuhi nikakuta karatasi chini ya mlango: samahani kwa usumbufu. Hakuna jina, namba ya nyumba tu. Nilisikitika siku nzima.

Nikaamua kuoka mazurek. Zawadi akauliza ni nini hiyo, na kabla sijafungua mdomo simu yake ilishamjibu: keki, tena ndege, tena ngoma, na picha zake. Sekunde moja. Sisi wiki nzima, na bado tulikosea. Lakini tungepatia, Mama angepokea keki mlangoni, angesema aksanti, na mlango ungefungwa.

Jana nimepanda ngazi. Akafungua mama kijana, mtoto mgongoni, macho yana wasiwasi wa mtu aliyeko kwenye nchi ya watu. Nikavuta pumzi. "Sunday," nikamwambia. "Mazurek. I come up." Nikashuka mbio kabla hajatoa simu mfukoni.