Baba alikuwa anakwenda kilomita 1,664 kwa saa akiwa kitandani Ujiji

Wakuu, salaam kwenu. Wanaonifahamu humu wanajua mimi ni mbishi, kila kitu nataka ushahidi. Leo sijaja kubishana. Nimekuja na jambo lililotokea nyumbani kwetu Ujiji, na chumvi sijatia.

Baba alikuwa mbeba mizigo bandarini Kigoma, mtu wa nguvu. Kisha kiharusi kikamlaza, upande wa kulia wote ukafa. Mdomo ulibaki, tena mkali kuliko zamani.

Mimi nimesomea ualimu wa fizikia, chuo nimemaliza, ajira bado. Kwa hiyo kumwogesha na kumgeuza ilikuwa kazi yangu na Mama.

Siku moja akaniambia, "Nimekuwa jiwe. Siendi popote."

Nikabisha, kama kawaida yangu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi wakuu. Pale ikweta, dunia inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa. Chukua hiyo, zidisha kwa cos ya latitudo ya mji wako. Ujiji tuko kama digrii 4.9 kusini, cos yake ni 0.9963. Jibu: kama kilomita 1,664 kwa saa.

"Mbona chai haimwagiki?" akauliza.

"Kikombe nacho kinakwenda, Baba. Na meza. Na wewe."

Alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Toka siku hiyo mgeni akiingia na kusema "pole mzee", anajibiwa, "Pole na wewe kwa safari. Mwenzako nimetoka mbali leo."

(Wale wa dunia bapa, najua mnakuja. Leo nipisheni.)

Baadaye akauliza kuhusu Mwamgongo, kijiji alikozaliwa, kaskazini ya Gombe. Nikapiga hesabu. Mwamgongo iko karibu zaidi na ikweta, kwa hiyo inakwenda kasi zaidi yetu, ila kidogo sana.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama mtoto anayetambaa."

Halafu akasema, "Basi nipelekeni huko kunakokwenda kasi. Nikamwone dada."

Dada yake, shangazi yetu Mwajuma, ndiye aliyemlea. Boti za kwenda huko zipo Kibirizi, ni safari ya saa chache tu.

Mama akakataa.

"Nikimpeleka, watu watasema nimechoka kuuguza, nimemrudisha kwao."

"Watu gani, Mama? Wataje."

"Wewe umesoma hesabu, mwanangu. Mimi nimeishi na watu."

Akasema dada mtu aje mwenyewe amwombe, hapo atamtoa kwa heshima.

Nikampigia shangazi. Naye akagoma! "Nije kumchukua mgonjwa kwa wifi yangu? Atasema namwona hajui kuuguza. Siwezi kumvunjia heshima mama yako, amemtunza ndugu yangu vizuri."

Yaani wakuu, wanawake wawili wanaopendana, kila mmoja anachunga jina la mwenzake, na mgonjwa katikati. Nilibeba maneno yao kwa simu, huku na huku, mpaka shangazi akalainika. Akasema anakuja na boti ya asubuhi.

Baba alipoambiwa alitaka anyolewe ndevu. Nikamnyoa. Akaomba kanzu nyeupe, Mama akaipiga pasi, akaitundika ukutani aione.

Alfajiri nilipoingia kumgeuza, alikuwa ameshaondoka. Uso kaugeuzia kwenye kanzu.

Nilikwenda mwenyewe Kibirizi kumpokea shangazi. Alishuka ameshika kuku wa zawadi kwa Mama. Alinitazama usoni. Alikaa chini palepale kwenye mchanga, kando ya dagaa walioanikwa, na kuku mkononi.

Nyumbani alipofika, Mama alimkumbatia, wakalia. Halafu Mama akajifuta, akasema, "Mchukue, wifi. Sasa hakuna atakayesema nimemrudisha."

Tukamwosha, tukamvika sanda, tukakodi boti. Mimi nilikaa ubavuni pake njia nzima. Kichwa kilikuwa kinapiga hesabu chenyewe. Kila kijiji tulichokipita kuelekea kaskazini, kasi yake ilipanda kidogo. Kidogo sana. Kama mtoto anayetambaa kwenda kwa dada yake.

Ile kanuni nimeirudia mara nyingi tangu hapo, natafuta kosa. Halimo. Inataka latitudo tu. Haiulizi kama mtu ni mzima au amekufa, na heshima ya watu haimo.

Nilichojifunza: mgonjwa akiomba kupelekwa kwao, wakutanisheni wakubwa ana kwa ana siku hiyohiyo. Heshima ni nzuri, ila inatembea polepole kuliko ugonjwa.

Kwenu je, wakuu, mgonjwa akitaka kurudi alikozaliwa, nani huanza kusema? Semeni, nasoma zote. Hata za kunibishia.