Mchambua kahawa wa Kitura atafuta nyumba ya ziwani isiyo na ngazi

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala Kitura, na Hedwiga Ndunguru ameshasimama kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Punje iliyopasuka inatoka. Yenye doa jeusi inatoka. Mikono inakwenda, macho yanafuata.

Simu iliyo kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki, inalia. Anaichungulia, anatabasamu, anairudisha.

"Mchumba huyo?" anatania Ottilia, mwenzake wa kichanja cha pili.

"Nyumba ya wageni, dada. Nimewaomba picha ya choo."

Wanawake wanacheka mpaka msimamizi anageuka.

Hiyo ndiyo kazi yake ya pili tangu Mei. Hedwiga, mwenye miaka 58, anapanga mapumziko ya familia: watu tisa, siku nne, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Oktoba, kahawa ikishakwisha. Lakini safari hasa ni ya mtu mmoja. Mama yake, Bibi Luisa, ana miaka 81. Alizaliwa Liuli, akaolewa huku milimani, na hajaliona ziwa tangu alipokwenda kumzika kaka yake, miaka 26 iliyopita. Magoti sasa yamegoma. Naye ameweka sharti.

"Sibebwi," anasema Bibi Luisa, ameketi kwenye kigoda jikoni kwake. "Gunia la kahawa ndilo linabebwa. Kama sifiki majini kwa miguu yangu, nabaki hapa na kuku."

Hedwiga aliishia darasa la nne, lakini kusoma anasoma. Mtandaoni alianza na nyumba moja nzuri, mapazia meupe, maji mbele ya dirisha. Ilibaki kidogo atume malipo ya awali, shilingi 80,000, yaani ujira wake wa siku kumi.

"Nikasema ngoja, nisome kwanza maneno ya waliolala pale. Wengi wamesifu samaki. Mmoja kaandika: pazuri, ila kutoka barabarani ni ngazi hamsini za mawe. Basi, nikaachana nayo. Mtu yule simjui, lakini nimemwombea."

Tangu hapo haulizi habari ya chumba.

"Picha zote ni za kitanda. Nani anakwenda ziwani kutazama kitanda? Mimi naomba njia."

Aliziandikia nyumba sita: nitumieni picha ya gari linaposimama, ya mlango, ya choo, ya njia ya kwenda majini. Mbili hazikujibu. Moja ilimtumia kitanda tena. Nyingine, ramani ya simu iliionyesha katikati ya ziwa, naye akamwandikia mwenye nyumba: "Mwanangu, nyumba yako imezama, itoe."

Ujumbe wa leo umetoka kwa Edina, mwenye vyumba vitano nje kidogo ya Liuli. Amerekodi video. Wakati wa chai Hedwiga anaifungua, wenzake wakimzunguka. Edina anatembea polepole, anahesabu kwa sauti. Kutoka gari hadi mlangoni, hatua kumi na moja, tambarare. Choo ni cha kukaa. Kutoka barazani hadi majini, hatua sitini na nne.

"Shikamoo mama," anasema Edina mwishoni. "Sikufichi, mchanga unazamisha mguu. Nitaweka kiti katikati, bibi apumzike."

"Huyo ndiye," anasema Ottilia.

Hedwiga hana haraka. Kwanza anampigia mama wa Liuli anayeuza dagaa gulioni, kuuliza kama nyumba ipo kweli. Ipo. Ndipo anatuma malipo.

Jioni anampelekea mama yake simu. Bibi Luisa anaitazama video.

"Huyu anayehesabu ni mtoto wa nani?" anauliza.

"Sijui, mama. Utamuuliza mwenyewe."

"Rudisha pale kwenye mchanga."

Anarudishiwa mara tatu. Kisha anavuta fimbo yake, anatoka uani, anaanza kuhesabu. Siku hiyo ya kwanza, kwenye hatua ya ishirini na tisa anaegemea ukuta wa banda, anatukana magoti yake, anaendelea.

Hedwiga anamwangalia toka mlangoni, hamsaidii.

"Huku wamemwita Mnyasa miaka sitini," anasema. "Mgeni kila siku. Oktoba nataka yeye awe mwenyeji. Atangulie, sisi wanane tumfuate nyuma, kwa mwendo wake."