Pampu, Mawese na Jicho la Baba Mkwe

Mimi si mtu wa kukaa. Hata kanisani huchagua benchi la nyuma, mahubiri yakirefuka nipate pa kutokea. Kwa hiyo zile siku tatu nilizonasa kijijini Ngonga, Kyela, kwa wakwe zangu, na gari lisilowaka, nusura zinitie wazimu.

Nilikwenda Jumatatu kumchukua baba mkwe. Jicho lake la kushoto lilishapotea kwa presha ya macho, na la kulia lilikuwa linaelekea huko huko. Madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi Mbeya kwa wiki moja. Yeye alipangiwa kupasuliwa Ijumaa, na alitakiwa awe amefika wodini Alhamisi kabla ya saa tisa alasiri. Nia yangu ilikuwa kumwahisha, apumzike kwanza kwa wifi yangu aliyeolewa Mbeya. Mume wangu anafanya kazi mbali, akanipigia simu: "Tafadhali usichelewe, lile jicho likienda hatuna jingine." Nikamwambia aache kunitisha, mimi nilijua kuendesha yeye akiwa bado anakanyaga klachi kwa miguu miwili.

Mdomo uliponza kichwa. Nilipoingia uani gari lilizima lenyewe. Nikazungusha ufunguo, likatoa moshi mweupe, likakohoa, likanyamaza.

Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe. Haketi naye, hamtaji jina, na wakikaribia kukutana njiani anachepuka. Siku hizi wengi wameacha. Baba mkwe wangu hajaacha, na mimi, pamoja na ulimi wangu huu, kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kumwambia hata neno moja. Kwamba alikuwa haoni vizuri hakukunipunguzia kitu. Bado nilipita nyuma ya migomba nimeinama kama mwizi wa kuku. Hata safari ile mama mkwe alikuwa ameiandalia kitenge cha kutundika katikati ya gari, mimi mbele, wao nyuma.

Na shida ni kwamba aliyejua injini pale nyumbani ni yeye. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mitambo ya meli za ziwani.

Fundi alikuja na bodaboda kutoka Kyela mjini, begi la spana mgongoni. Akabadilisha chujio la dizeli, lile la zamani akalitupa bila kulichungulia. Akatoa hewa kwenye mabomba. Halikuwaka. Akasema ni nozo zinazopulizia dizeli ndani ya injini, akazifungua zote, akazisafisha, akazirudisha. Wakati huo injini ilikuwa imepoa, ikawaka vizuri, tukashangilia. Ilipopata moto ikazima tena. Jua lilikuwa limeshapinduka. Mimi nilikuwa nakwenda hadi barabarani na kurudi, hadi barabarani na kurudi, mpaka mama mkwe akasema, "Gwe, kaa chini, utatuchimbia mtaro."

Mara ya pili alipotoka nyuma ya nyumba, alikokuwa ameketi mzee, alikuwa na ujumbe. "Baba yenu anauliza, likipoa linawaka?"

"Linawaka," nikajibu.

Akaenda, akarudi. "Na likipata moto haliwaki?"

"Haliwaki."

Akaenda, akarudi, anahema. "Anasema loweka kitambaa maji baridi, ifunikeni pampu, kisha mwashe."

Fundi akacheka. "Mama, hapa tunatengeneza gari, hatumkandi mgonjwa wa homa." Lakini akafanya. Injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza, na kicheko chake kikaishia hapo hapo. Akanieleza kwamba pampu inayosukuma dizeli kwenye nozo imelika ndani. Injini ikipata moto dizeli inakuwa nyepesi, inapenya pale palipolika, nozo hazipati nguvu ya kutosha. Ukiipoza inashika kidogo. Dawa yake ni pampu nyingine.

Mama mkwe akarudi na swali la mwisho. "Anauliza, hii dizeli mmeichanganya na nini? Anasema moshi wake unanukia maandazi."

Fundi akanitazama. Mama mkwe akanitazama. Nikasema, "Mwambie ni dizeli tu, tumenunua mjini." Nilisema uongo mchana kweupe, na nikaona aibu pale pale.

Wiki mbili kabla, pampu ilipoanza kulia kwenye milima, mimi mwenyewe nilimimina lita nne za mawese kwenye tangi. Wenye mashine za kukoboa mpunga kwetu hufanya hivyo dizeli ikiadimika, na wanaapa kwamba mawese yanalainisha pampu. Sikujiuliza kwamba mashine ya kukoboa haihami Kyela, inashinda kwenye joto mwaka mzima. Gari langu linapanda Tukuyu kwenye baridi, njia ya Mbeya. Kila mama wa Kyela aliyewahi kupeleka chupa ya mawese Mbeya anajua inavyofika, imeganda, mpaka uichokonoe kwa kijiko.

Fundi akapiga simu, pampu iliyotumika lakini nzima ikapatikana Mbeya, ikatumwa kwa basi. Jumanne nzima tuliisubiri. Basi la asubuhi halikuwa nayo. La mchana halikuwa nayo. Nilichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, nikafagia uwanja mara tatu, nikagombana kwenye simu na kondakta nisiyemjua. Ilifika Jumatano. Fundi alikwaruza alama kwenye chuma kabla ya kuitoa ile mbovu, ili nyingine ikae kwenye taimingi ile ile, isukume dizeli kwa wakati wake, akafunga, akatoa hewa, akawasha. Injini ikanguruma. Tukaiacha ipate moto, tukazima, tukawasha. Ikawaka. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi, lakini moyoni nilikuwa natazama tangi.

Nilijifariji kwamba mawese yamebaki kidogo, labda yatapita. Fundi akaondoka bila kuambiwa kitu. Niliona haya tu, basi. Mtu mzima, mwenye leseni, nimelilisha gari mafuta ya kukaangia samaki.

Alhamisi saa mbili asubuhi gari lilikuwa tayari. Mama mkwe akaenda kuaga majirani, na kuaga kwa mtu anayepeleka mgonjwa kupasuliwa si jambo la dakika mbili. Baba mkwe alikwisha kuongozwa hadi siti ya nyuma, kitenge kimetundikwa. Tukabaki wawili. Nikatazama saa. Nikatazama njia. Nikaona mlima wa Tukuyu, ukungu, gari limezima pembeni, na mzee ameketi nyuma ya kitenge anasubiri saa tisa impite.

Nikashuka. Nikaupa mlango wa nyuma mgongo, nikazungumza na tairi la mbele.

"Wewe tairi," nikasema, "humo kwenye tangi kuna mawese. Niliyaweka mimi. Siku ile nilidanganya. Tukifika kwenye baridi yataganda."

Kuku alipita. Nilitamani kukimbia hadi Matema, kule ziwani.

Kisha nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza ikija upande wangu, taratibu, nayo inazungumza na gari.

"Gari, mwambie anayekuendesha nilijua tangu Jumatatu. Chini ya tangi kuna nati. Aifungue, amwage yote, aweke dizeli safi na chujio jingine. Afanye haraka."

Nililala chini na gauni langu la safari, spana mkononi, dizeli ikinitiririkia hadi kwenye kiwiko. Kijana wa bodaboda alikimbizwa mjini kuleta chujio na madumu mawili. Mama mkwe aliporudi alinikuta uvunguni. Tuliondoka saa nne na nusu. Tukuyu kulikuwa na mvua na baridi, na gari lilipanda.

Tulifika saa nane na robo. Mimi nilibaki kwenye korido, nyuma ya mlango wa wodi, nanuka dizeli, siwezi kukaa wala kusimama. Muuguzi alikuwa anamwandikisha. Nilimsikia anauliza, "Mzee, umeletwa na nani?"

"Na mwanangu," akasema. "Yupo hapo nje. Msimwite."