Watatu Waliozidi

Miaka yote niliyoishi Oakdale, huku Amerika, sijapata kumsikia mtu mwenye watoto wawili na boti mbili akilalamika kwamba dunia imejaa boti. Inachojaa siku zote ni watoto, tena watoto wa wenzake.

Mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kanisa letu alikuwa mtu wa namna hiyo. Injinia mstaafu, mpole, mwenye nyumba kando ya ziwa. Katikati ya ile miaka ya 2010 maji ya ziwa lake yalirudi nyuma hadi gati lake likabaki limesimama mchangani, na Jumapili moja baada ya ibada akatuketisha ukumbini kutuonyesha picha. Ya kwanza ilikuwa ya gati. Ya pili ilikuwa ya soko fulani la Afrika, vichwa vya watu tu, hata nyanya hazionekani. Maji ya ardhini yanakwisha, alisema, kwa sababu watu wamezidi. Nyasi zake zilimwagiliwa kila asubuhi, hata siku za mvua, lakini hilo halikupigwa picha. Nami, nesi wa Kikenya, mwanakamati mweusi pekee, niliitikia kwa kichwa na kumwongezea kahawa.

Kanisa lilikuwa na nyumba ya vyumba vinne iliyosimamiwa na kamati yetu, tupu tangu mchungaji wa zamani astaafu na kuhama. Wakati huohuo familia moja ya Wakongo waliosali nasi, baba, mama na watoto saba, ilikuwa imeambiwa iondoke kwenye fleti yao ya vyumba viwili huko Saint Paul kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa ni wengi kuliko mkataba unavyoruhusu. Wakaiomba ile nyumba. Ungedhani ni jambo la dakika tano. Kamati ikaamua kwanza iwatembelee, ione wanavyotumia maji.

Niliogopa. Niseme ukweli, niliona aibu kuliko nilivyoogopa. Wazungu hawatutofautishi, wakiona saba wa Mkongo wanaona saba wangu, mimi niliyejitia msomi nikazaa mmoja. Nikampigia simu mama wa ile familia.

"Mama, kwa sasa sema tu ni wanne," nilimwambia. "Hiyo committee ikisikia saba, hiyo nyumba sahau. Wale wengine wapeleke kwa jirani."

Akasema sawa.

Tulifika Jumamosi mchana: mwenyekiti, bibi mmoja mwenye daftari, nami kama mkalimani. Baba alikuwa kazini. Watoto wanne walikuwa wamepangwa kwenye kochi, wamepakwa mafuta wanang'aa. Mwenyekiti alikwenda moja kwa moja bafuni, akakuta hodhi la kuogea limejaa maji hadi ukingoni na vikombe viwili vya plastiki vikielea. Akashika kichwa. Mama akaeleza kwamba kwenye kambi ya wakimbizi walikotoka bomba lilikuwa likifunguliwa siku mbili kwa wiki, kwa hiyo alizoea kukinga. Yale yalikuwa maji ya kutwa ya nyumba nzima: kuoga kwa kikombe, kuosha vyombo, kupiga deki, na yanayobaki ni ya chooni. Nikatafsiri. Mtu yuleyule aliyetutangazia kwamba maji yanakwisha akaniomba nimweleze mama kwamba Amerika maji hayaishi, awe anafungua bomba na kuoga kama watu. Nikatafsiri na hilo pia, bila kumtazama yeyote machoni.

Ndipo bibi wa daftari akauliza ana watoto wangapi. Hata sikumfikishia mama swali. Nikajibu mwenyewe: wanne.

"Seven," akasema mama.

Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini kwa hesabu hiyo hakuhitaji mkalimani. Akanigeukia, wala hakupandisha sauti.

"Dada, bale batatu nilitoka nabo kambini. Sasa we unataka nibaache wapi?"

Mwenyekiti akataka kujua amesema nini. Nikamwambia anawashukuru kwa kuja.

Kamati haikukataa. Kamati za kanisa hazikatai, huahirisha. Walisema mabomba yachunguzwe kwanza kama yatahimili watu tisa, na kabla hayajachunguzwa mwezi ukaisha. Ile familia ikahamia mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa gari, baba akapata kazi kwenye kiwanda cha nyama. Mama hakuniaga, na sikustahili kuagwa.

Nyumba ilikaa tupu majira yote ya baridi. Kwa kuwa kwenye baridi ile maji huganda ndani ya mabomba na kuyapasua, ilipashwa moto usiku na mchana, na kamati ikanikabidhi ufunguo. Kila Jumatano nikitoka kazini nilipita chumba kimoja baada ya kingine, vyote vinne, nikigusa kuta kuhakikisha kuna joto, kisha nikafunga mlango nikaenda zangu.