Mkono wa Esnah

Kila Ijumaa mchana, kijiji kizima cha Gesima huwa mbioni kupika kabla jua halijatua, maana siku ya Sabato jikoni hakuwashwi moto. Katika mbio hizo Persis, mke wa Alfayo, hakuwa na mpinzani. Kufikia saa kumi maharagwe yake yameiva, nguo za kanisani zimepigwa pasi, na kazi iliyobaki ni kuwasema majirani waliochelewa.

Ijumaa moja ya mwaka 1968 alichelewa yeye. Kuni zilikuwa zimelowa mvua. Aliipua sufuria ya uji haraka haraka, akaitua chini karibu na mlango, akarudi kupuliza moto wa maharagwe. Bintiye Esnah, wa miaka minne, akaingia mbio kutoka uani, akajikwaa, akauangukia uji. Kifua na mkono wa kulia viliungua.

Mama mkwe alileta samli, wakampaka. Mkono ukinyooshwa, mtoto anapiga mayowe; ukikunjwa kifuani, anatulia. Basi Persis akaukunja, akaufunga kwa leso safi, akamshukuru Mungu mtoto alipopata usingizi. Mama gani angefanya vingine?

Kidonda kilipona, na kanisani wakaimba kwa furaha. Lakini leso ilipotolewa kabisa, mkono ulikataa kunyooka. Ngozi ilikuwa imeshikana kiwikoni.

Hospitalini mjini, daktari aliupapasa.

"Mama, uliufunga ukiwa umekunjwa?"

"Alikuwa analia, daktari."

"Ungeunyoosha, alie tu. Na ungemwagia maji baridi kwanza, si samli."

Hakusema kwa ukali, na hilo lilimchoma Persis zaidi. Mtaalamu wa kuikata ngozi ile na kuishona upya hakuwako hapo, wala haikujulikana atakuja lini. Daktari akamwambia awe anaunyoosha kila siku, pengine utalegea.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," wanawake wakanong'onezana shambani, wakichuma chai. Midomo hiyo! Methali ile ni ya mtoto mtundu, tangu lini ikawa ya mtoto aliyeungua?

Kila asubuhi Persis aliupaka mkono mafuta, akauvuta. Haukusogea hata unene wa kucha. Esnah aliuma ukosi wa gauni asilie, mpaka siku moja akauachia, akamtazama mamake usoni.

"Mama, nimekukosea nini?"

Persis aliongeza mafuta kiganjani. Akaushika tena mkono, akavuta.